Mishale Juu ya Majina

Karakana ya vibao, Bustani ya Mimea
4 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Nakusalimu. Bibi yako naye anakusalimu mara mbili, mara moja kwa niaba yake na mara moja kwa niaba ya goti lake la kushoto, ambalo siku hizi analizungumzia kama mpangaji mkorofi. Paa la jikoni limeacha kuvuja. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku langu la unga wa mbao na sina moyo wa kumfukuza, kwa hiyo nachonga vibao nikiwa nimezungukwa na familia ya watu.

Sikuandikii kwa sababu nina shida. Nataka lieleweke hilo tangu mwanzo. Ni udadisi tu wa mtu mzima.

Bustani imeletewa miche kumi na miwili kutoka Uchina, na yote ina Kichina ndani ya majina yake ya kitaalamu. Mimi sichongi jina mpaka nimelitamka mara tatu mbele ya mmea wenyewe. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu, ndivyo nilivyokufundisha wewe ulipokuwa unakaa chini ya meza yangu ukirudia kila jina hadi ukaitwa Kasuku. Mdomo ukikwama, patasi nayo inaruka herufi. Miaka thelathini na mmoja sijaruka herufi. Juzi nikasimama mbele ya mche unaoitwa Malus hupehensis, nikaanza vizuri, nikafika katikati nikakohoa. Mtunza bustani alinikimbilia na kikombe cha maji.

Wewe huko unasomea ukalimani wa Kichina. Nakumbuka kuna mtu aliwahi kukuuliza hicho Kichina utamsemesha nani. Simkumbuki ni nani. Ukipata nafasi, nieleze majina haya yanatamkwaje na yana maana gani. Orodha iko nyuma.

Najua ni barua yangu ya kwanza kwa miaka miwili. Usinipigie simu. Maneno ya simu hayakai kwenye droo.

Mjomba wako

*

27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la Bibi limelegeza kamba. Mimi sijambo. Nakaa ghorofa ya tatu na muuguzi anayefanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo mazoezi yangu ya Kichina nayafanyia ndani ya kabati la nguo, mlango nimeufunga, makoti usoni. Muuguzi anasema ninaposoma anaota anagombana na mtu asiyemjua.

Nimefurahi mno kupata mwandiko wako. Nimeusoma huku nimesimama ngazini.

Tuanze na hilo lililokupalia. Ukiona jina limeishia na -ensis, huo ni mkia wa Kilatini, maana yake ni "wa mahali fulani". Ukate uweke pembeni. Kinachobaki kwenye hupehensis ni Hubei, jimbo la kule, ila zamani Wazungu waliliandika kwa tahajia yao. "Hu" ni ziwa, "bei" ni kaskazini. Kwa hiyo huo mtufaa wako ni wa kaskazini mwa ziwa. Ule wa yunnanensis ni wa kusini mwa mawingu, nao sijautia chumvi. Longan ni jicho la joka: tunda lake ukilimenya, kokwa jeusi linakutazama ndani ya nyama nyeupe. Na kwenye ginseng kuna neno "mtu", kwa sababu mzizi wake una miguu.

Nina maswali mawili. La kwanza, kama ni udadisi tu, mbona nyuma ya bahasha umeandika "haraka" mara tatu? La pili, kibao chenye jina langu, kile cha juu ya msumari wa aproni karakanani, bado kipo?

Mpwa wako
Kasuku

*

22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imekaa njiani siku ishirini na tatu na imefika imechoka. Huku wazima. Watoto wa paka wamefumbua macho, na mmoja anapenda kulalia patasi yangu namba tano.

Kuhusu "haraka": mkurugenzi wetu mpya ana kitabu chenye picha za mashine. Unaandika jina kwenye vitufe, inatema kibao cha plastiki kwa dakika mbili. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba tarehe 20 Juni wale waliotoa miche wanakuja kufungua shamba lao rasmi. Kila mche ukiwa na kibao siku hiyo, nitabaki na karakana yangu. Kikikosekana hata kimoja, mashine inanunuliwa na hapa panakuwa stoo ya mipira ya kumwagilia. Amepima hadi ukuta.

Maana zako zimenifurahisha kuliko ninavyoweza kukiri kwenye karatasi. Nimemwendea huyo jicho la joka nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyokuwa namwita. Lakini maana haitoshi. Nikisema "longan" naisema kama nataja jongoo. Mimi nataka kuisikia kama wenyewe wanavyoisema, halafu ndiyo nishike nyundo. Nifundishe.

Swali lako la pili wino ulikuwa umefifia, sikuweza kulisoma.

Mjomba wako

(Kasuku mjukuu wangu, ni mimi Bibi, nimemnyang'anya kalamu. Wino wako ulikuwa mzima. Kibao alikitoa siku ile ile uliyoondoka. Kimo kwenye kopo la misumari, nimekiona.)

*

14 Aprili

Shikamoo Mjomba, shikamoo Bibi,

Bibi, nimekusikia. Mjomba, tuendelee na masomo.

Kichina kina toni nne. Silabi ile ile ukiipandisha ni kitu kimoja, ukiishusha ni kitu kingine kabisa. Kwenye karatasi huwezi kusikia, kwa hiyo nimekuandikia majina yote kumi na mawili upya, na juu ya kila silabi ya Kichina nimechora mshale. Ufuate kwa sauti yako.

Mshale uliolala ni toni ya kwanza. Hiyo ni sauti ya Bibi anapokuita kutoka jikoni chakula kikiwa tayari: iko juu, imenyooka, haipandi wala haishuki mpaka uitike.

Mshale unaopanda ni ya pili. Hiyo ni wewe unapotajiwa bei ya mbao: "Ee?"

Mshale unaozama kisha ukaibuka ni ya tatu. Bibi tena, akiambiwa kwamba jirani ameacha kusengenya: "Eeeh."

Mshale unaoshuka ni ya nne. Ni fupi, inakatwa juu na kuangushwa chini. Mfano wake unao. Ni "Basi" yako, ile uliyoniambia mlangoni mwa karakana siku niliyoondoka.

Sasa jaribu. Jicho la joka wenyewe husema karibu na "long-yan": bei ya mbao, kisha jirani ameacha kusengenya. Ginseng ni "ren-shen": bei ya mbao, kisha Bibi jikoni. Ukiona herufi hazifanani na za kibaoni, usishangae. Majina haya yalipitia kwenye masikio ya wasafiri kabla ya kufika kwenye Kilatini, na kila mmoja aliyaandika alivyoyasikia.

Kasuku

*

8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumba hii haina amani tena na wewe ndiye uliyesababisha.

Nafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Kila nikisema toni ya kwanza, Bibi yako anaitika. Kila nikisema ya pili, ananiuliza nini kimepanda bei. Ile ya tatu imeleta ugomvi na jirani, ambaye alikuwa anapita dirishani na akatambua mara moja kwamba inamhusu. Kazini nako, mtunza bustani alinikuta nimepiga magoti mbele ya ginseng nikimwita kwa sauti ya chakula tayari. Aliondoka kinyumenyume.

Lakini Kasuku, inakuja. Jana nilimsemesha jicho la joka, mara ya tatu nikasikia mwenyewe kwamba safari hii limetoka. Nilisisimkwa mikono. Miche kumi nimeshaiweza. Imebaki miwili, litchi na ginkgo, hiyo inanisumbua koo.

Uliandika kwa Bibi mwaka jana kwamba mtihani wako wa kusema ungekuwa Februari. Sasa ni Mei. Vipi?

Mjomba wako

(Bibi tena. Koo lake zima. Litchi na ginkgo ndizo zenye toni ya nne. Akifika pale anafunga mdomo, anaenda kufagia.)

*

30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Huku joto limeanza na kabati langu limekuwa jiko. Muuguzi amenionea huruma, ananiruhusu kusomea bafuni.

Nimefikiria kuhusu hiyo miwili. Usijitese. Jina la kitaalamu halina toni. Wataalamu wa mimea dunia nzima hulisoma lilivyoandikwa, kila mtu kwa ulimi wake, na mmea hauchukii. Litchi isome "lichi" tu uchonge. Ginkgo ndiyo usiihofu kabisa. Asili yake ni "yin-xing", maana yake tunda la aprikoti la fedha. Likasomwa Kijapani, kisha msafiri mmoja wa zamani akaliandika kwa herufi ambazo hadi leo hakuna anayejua alizitoa wapi. Wataalamu wanajua limekosewa, lakini kwa sheria zao jina lililotangulia kusajiliwa ndilo linalobaki. Kwa hiyo hata ukilitamka vibaya, umelitamka vibaya pamoja na ulimwengu mzima.

Ile mishale nilikuchorea kwa ajili ya masikio yako tu. Nilitaka uyasikie.

Kuhusu swali lako la mtihani, wino ulikuwa umefifia.

Kasuku

*

2 Juni

Mpwa wangu,

Sijangoja jibu lako, kwa sababu siku zimekwisha. Nimechonga vibao kumi, na lazima nikwambie ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Herufi zimekaa, na mishale imetoka safi sana. Nimeichonga kwa kina na kuijaza rangi nyekundu ili ionekane kwa mbali. Mtunza bustani amesema inavutia.

Litchi na ginkgo bado. Kuna mbao mbili tupu mezani kwangu zinanitazama. Ningeweza kuchonga bila kutamka, hakuna ambaye angejua. Lakini ningejua mimi, na mkono wangu ungejua.

Bibi hajambo. Goti limehamia kulia.

Mjomba wako

*

22 Juni

Mpwa wangu Kasuku,

Barua yako ya tarehe 30 Mei imefika jana asubuhi, siku moja baada ya ufunguzi. Nimeuona mstari unaosema mishale ilikuwa ya masikio yangu tu. Nimeusoma mara tatu, kama ilivyo desturi yangu. Sasa kaa chini nikusimulie.

Wageni walikuwa kama ishirini na watano, wamependeza, na mkurugenzi alikuwa jukwaani na kurasa sita za hotuba. Mimi nilijificha karakanani na zile mbao mbili tupu, nikingoja kuitwa nifukuzwe. Mkurugenzi akawaomba wageni wapite kwanza shambani waone miche, kisha warudi kumsikiliza.

Hawakurudi. Walifika kwenye kibao cha kwanza wakaona mshale mwekundu, wakaufuata. Wakakuta kingine. Ukifuata mishale yangu, Kasuku, unapita nyuma ya nyumba ya vioo, unazunguka tangi la maji, unapanda kwenye lundo la mboji na kushuka upande wa pili. Mimi najua kwa sababu nimekwenda kuipima baadaye. Walipanda na viatu vyao vyote. Mgeni mmoja alikuwa amembeba mwenzake. Lundo la mboji linashukia wapi? Mlangoni kwangu. Niliinua kichwa nikaona suti zimejaa karakanani, na paka wamekimbilia chini ya meza.

Mkurugenzi alifika mwisho, anahema, amekunja kurasa zake sita. Akaniuliza mishale hiyo inaelekeza wapi. Nikamjibu kwamba haielekezi popote, ni sauti. Uso alionikunjia sitausahau.

Ndipo akasogea mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa mimea wa huko kwao, ndiye aliyeiotesha miche hiyo tangu mbegu. Viatu vyake vilikuwa na mboji hadi kwenye kamba. Alikuwa ameshika kibao cha jicho la joka, amekichomoa ardhini kabisa, na akawa anapitisha kidole kwenye mishale taratibu, akiisoma. Kupitia kwa mkalimani akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mpwa wangu. Akaniambia nisome. Nikasoma yote kumi: Bibi jikoni, bei ya mbao, jirani. Akaziba mdomo kwa mkono, nikadhani anacheka, na kweli alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na machozi. Kila jina nililolisema alilirudia, na yalifanana.

Kisha akaonyesha zile mbao mbili. Nikasema hizo siziwezi. Mkurugenzi akafungua kitabu chake cha mashine. Yule mama akamtuma mkalimani aniambie nijaribu tu, yeye atasikiliza.

Nikafumba macho nikaitamka litchi, "li-zhi", na ile ya nne niliitoa kama nilivyoitoa siku ile mlangoni. Ilitoka sawasawa mara ya kwanza. Ilitoka kwa sababu sijaisahau hata siku moja. Yule mama akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikalazimika kukaa kwenye sanduku la unga wa mbao.

Sasa naandika nisichokiandika tangu Februari. Mtu aliyekuuliza Kichina utamsemesha nani ni mimi. Ulisimama mlangoni na begi ukingoja nikutakie safari njema, nikakwambia "Basi" na kukugeuzia mgongo, halafu nikakitoa kibao chako kabla hujafika kituoni. Nilikosea. Niliogopa kubaki peke yangu na meza hii, na badala ya kukwambia naogopa nikakwambia neno moja. Nisamehe.

Baada ya kutamka litchi na ginkgo mara tatu tatu mbele ya miche yenyewe, vibao vile viwili nilivichonga papo hapo, wageni wamesimama. Ilichukua dakika hamsini. Mwanzoni mkurugenzi alikuwa anaangalia saa, baadaye akawa anaangalia patasi.

Mashine haiji. Karakana imebaki. Amri ni moja tu: mishale yote izibwe kwa gundi na unga wa mbao, maana jana watoto wa shule arobaini wameshapita kwenye mboji.

Mjomba wako

*

14 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimekusamehe, na ningekusamehe hata bila wageni kupanda mboji, ingawa ilisaidia. Nilisoma barua yako bafuni kwa sauti na muuguzi akaamka akaja kusikiliza hadi mwisho.

Na mimi nina cha kwangu. Mtihani wa Februari nilifeli. Mwalimu alisema nazungumza Kichina kama mtu anayesoma risiti. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimefungasha begi, naona aibu kurudi na naona aibu kubaki. Sikuweza kukwambia, kwa sababu ungesema, "Si nilikuambia." Nilipokuchorea ile mishale, nilikuwa sijui kuitamka vizuri mwenyewe. Nilikuwa nakaa kabatini nawakumbuka nyie wawili, sauti moja moja, ili nikueleze, na hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Juzi nimerudia mtihani. Mwalimu akaniuliza hiyo toni ya nne nimeitoa wapi, mbona imekuwa safi ghafla. Nikamwambia, mlangoni.

Nimefaulu. Wamenipa nafasi ya kazi hapa, ofisi yenye dirisha, na wanataka jibu kabla Agosti haijaisha. Sijawajibu. Naomba unijibu kwanza lile swali langu la Februari. Nimeliandika kwa wino mweusi: kibao changu kiko wapi?

Kasuku

*

5 Agosti

Mpwa wangu Kasuku,

Marahaba. Bibi hajambo, magoti yote mawili yamekubaliana. Watoto wa paka wamegawiwa, nimebaki na yule wa patasi namba tano.

Hongera. Nimemwambia mkurugenzi, jirani, mtunza bustani na mtu aliyekuja kusoma mita. Mkurugenzi ananiuliza kila wiki kama namjua mtu wa kuwatembeza wageni kwenye shamba lile na kuwatajia majina kwa sauti zake. Nimemjibu namjua, ila ameitwa na ofisi yenye dirisha. Karakana yetu ina mlango tu, unajua. Uamuzi ni wako, na safari hii ukiamua kubaki huko nitakutakia kheri kwa maneno mengi.

Mishale nimeziba yote kama nilivyoamriwa. Nimebakisha mmoja, na huo hauko shambani.

Kibao chako nimekitoa kwenye kopo la misumari. Nimekipiga msasa, nikakaa mbele ya ule msumari wa aproni, nikakutaja mara tatu kabla ya kushika nyundo. Jina halijaruka herufi. Chini yake nimechonga mshale mwekundu, na ukiuona usihangaike kutafuta toni. Unaelekeza ndani.

Mjomba wako